Mgeni hawaki, hazimiki au hana mtandao: kutatua matatizo ya mashine pepe za KVM wakati wa masasisho

Mwongozo huu ni wa seva za Linux zinazobeba mashine pepe kwa KVM (uwezo wa keneli wa kuendesha mashine pepe), QEMU (programu inayoigiza maunzi ya kila mashine) na libvirt (huduma inayozisimamia, kwa amri ya `virsh`). Seva inayobeba tunaiita mwenyeji, mashine pepe zilizo juu yake ni wageni, na mgeni wetu wa mfano ni `web01`. Amri za upande wa mwenyeji ziendeshe ukiwa root. Pale Debian na Ubuntu zinapoachana na RHEL, Fedora na jamaa zao, tofauti imetajwa.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba kazi ya kusasisha inagusa sehemu tatu ambazo hazibadiliki kwa pamoja. Kuna mwenyeji na keneli yake, yaani kiini cha mfumo wake. Kuna mchakato wa QEMU, mmoja kwa kila mgeni, ulioanza siku mgeni alipowashwa na ambao unabaki vilevile mpaka usimame. Halafu kuna mfumo ulio ndani ya mgeni mwenyewe. Kwa kila dalili iliyo hapa chini, anza kwa kujiuliza: kati ya hizo tatu, ipi imebadilika na ipi bado inaendesha toleo la zamani? Jibu ndilo litakaloamua ufungue logi ipi:

```
less /var/log/libvirt/qemu/web01.log     # mchakato wa QEMU
journalctl -u libvirtd -b                # libvirt; kwenye RHEL 9: virtqemud
journalctl -b -1 -p err                  # ndani ya mgeni, mwasho uliopita
```

Amri ya mwisho inafanya kazi tu iwapo mgeni anahifadhi logi za journald (huduma ya logi ya systemd) kwenye diski, yaani saraka ya `/var/log/journal` ipo. Kama haipo, itengeneze leo kabla ya siku utakapoihitaji.

## QEMU imesasishwa, lakini mgeni bado ana tundu lilelile la usalama

`apt upgrade` au `dnf upgrade` inabadilisha faili la programu kwenye diski. Mchakato uliokwisha kuanza unaendelea kutumia faili la zamani. Wengi huingia ndani ya mgeni na kuandika `reboot` wakidhani wamemaliza, kumbe kwa kawaida QEMU huiweka mashine upya bila mchakato wenyewe kufa, na toleo la zamani linaendelea kama kawaida. Hakikisha hivi:

```
ls -l /proc/$(cat /run/libvirt/qemu/web01.pid)/exe
```

Ukiona neno `(deleted)` mwishoni, mgeni huyo anabebwa na QEMU ambayo faili lake halipo tena kwenye diski. Dawa ni kumzima kabisa na kumwasha kutoka upande wa mwenyeji:

```
virsh shutdown web01
virsh domstate web01      # subiri "shut off"
virsh start web01
```

Ukiwa na mwenyeji wa pili aliyekwisha kusasishwa, unaweza kumhamisha mgeni akiwa hai kwa `virsh migrate --live`. Upande wa pili anaanzishiwa mchakato mpya, kwa hiyo unapata QEMU mpya bila kukata huduma. Kuwasha upya `libvirtd` au `virtqemud` hakusaidii kwa hili. Hakudhuru pia: wageni hawazimiki libvirt inapoanzishwa upya.

Kanuni hiyohiyo inatawala mabadiliko ya `virsh edit`, amri inayohariri faili la XML lenye maelezo ya mgeni. Umeongeza RAM kwenye XML, ukawasha upya kutoka ndani, na `free -h` inaonyesha kiasi cha zamani? XML uliyohariri ni ya mwasho ujao wa QEMU. Iliyo hai inaonekana kwa `virsh dumpxml web01`, na inayosubiri kwa `virsh dumpxml --inactive web01`.

Hali yenye utata zaidi ni ya kinga za prosesa. Umesasisha maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) kwenye mwenyeji, mwenyeji anasema `Mitigation`, lakini ndani ya mgeni amri hii

```
grep . /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/*
```

inatoa `Vulnerable: Clear CPU buffers attempted, no microcode`. Hapa mgeni amepewa aina ya prosesa isiyomwonyesha uwezo mpya kama `md-clear` au `spec-ctrl`. Weka `<cpu mode='host-model'/>` kwenye XML, kisha zima na uwashe. `host-passthrough` nayo inatatua, ila inakufunga: kuhamisha mgeni akiwa hai kutakubali tu kwa mwenyeji mwenye prosesa inayolingana. Maneno `SMT Host state unknown` yasikushtue. Mgeni hana njia ya kujua hali hiyo, hivyo yataendelea kuonekana hata kila kitu kikiwa sawa.

## Mwenyeji amewashwa upya, wageni hawapo

Anza na `virsh list --all`. Majibu yanayowezekana ni mengi, na kila moja lina njia yake.

Orodha ni tupu kabisa. Usiogope kabla ya kuandika `virsh uri`. Mtumiaji wa kawaida anaunganishwa na `qemu:///session`, ambako hakuna kitu, wakati wageni wako wapo `qemu:///system`. Tumia `virsh -c qemu:///system list --all`, au weka `export LIBVIRT_DEFAULT_URI=qemu:///system` kwenye `~/.bashrc`. Kama hata huko ni patupu, angalia `/etc/libvirt/qemu/`. Mafaili ya XML yakiwepo na orodha ikiwa tupu, libvirt imeshindwa kuyasoma na sababu imo kwenye journald.

Wageni wapo, wote `shut off`. Hawakuwekewa kuwaka wenyewe. `virsh list --all --no-autostart` inawataja, na `virsh autostart web01` inarekebisha.

"Could not access KVM kernel module: No such file or directory". Faili la `/dev/kvm` halipo. Jaribu `modprobe kvm_intel` au `modprobe kvm_amd`. Ikikataa kwa `Operation not supported`, ingia kwenye BIOS: kusasisha programu ya ubao mama mara nyingi hurudisha mipangilio ya kiwandani, na VT-x au AMD-V ikazimwa. Ikikataa kwa kusema moduli haipatikani, linganisha `uname -r` na yaliyomo `/lib/modules`. Kuna mifumo inayofuta moduli za keneli ya zamani mara tu mpya inapowekwa, na hapo dawa ni kuwasha mwenyeji upya. `virt-host-validate qemu` inakagua mengi ya haya kwa mpigo mmoja.

"network 'default' is not active". Tumia `virsh net-start default`, kisha `virsh net-autostart default`. Ikigoma kwa `Network is already in use by interface`, mtandao wa 192.168.122.0/24 umeshachukuliwa. Hutokea hasa pale mwenyeji wako naye ni mgeni ndani ya libvirt nyingine. Badilisha namba kwa `virsh net-edit default`, tuseme 192.168.150.0/24. Ikilalamika kwamba dnsmasq (inayowapa wageni DHCP na DNS) imekuta anwani inatumika, `ss -lnup 'sport = :53'` itakutajia aliyeshika mlango 53. Kwa kawaida ni dnsmasq nyingine au `named` inayosikiliza anwani zote.

Ujumbe wenye maneno "does not support machine type". Umepandisha toleo kubwa la mfumo, na QEMU mpya imeacha kubeba aina ya mashine ambayo mgeni alizaliwa nayo miaka iliyopita. Orodhesha zinazokubalika:

```
qemu-system-x86_64 -machine help      # RHEL: /usr/libexec/qemu-kvm -machine help
```

Kisha `virsh edit web01` na ubadilishe `machine='...'`. Baki katika ukoo uleule: kama ilikuwa `pc-i440fx`, chagua `pc-i440fx` mpya. Kuruka kwenda `q35` siku hiyohiyo ni kujitafutia kazi, maana mpangilio wa PCI unabadilika, kadi za mtandao zinapata majina mapya ndani ya mgeni, na Windows inaweza kudai leseni ithibitishwe upya. Kuhamia `q35` ni mradi wa siku nyingine.

"guest CPU doesn't match specification: missing features". Mwenyeji alipozimwa, mgeni hakuzimwa. RAM yake ilihifadhiwa kwenye faili ili aendelee alipoishia. Baada ya sasisho la maikrokodi au keneli, prosesa haionyeshi tena uwezo uliokuwepo, na faili lile haliwezi kurejeshwa. `virsh list --all --managed-save` itamwonyesha kama `saved`. Ukiweza kurudi kwenye keneli ya zamani ya mwenyeji, fanya hivyo, mrejeshe mgeni, mzime vizuri, ndipo upande tena. Ukishindwa:

```
virsh managedsave-remove web01
virsh start web01
```

Hiyo ni sawa na kukata umeme: kila kilichokuwa kwenye RAM kimepotea, na mfumo wa mafaili utarekebisha jarida lake wakati wa kuwaka. Ili hali isijirudie, fungua `/etc/default/libvirt-guests` (RHEL: `/etc/sysconfig/libvirt-guests`) na uweke:

```
ON_SHUTDOWN=shutdown
SHUTDOWN_TIMEOUT=300
PARALLEL_SHUTDOWN=4
```

kisha `systemctl enable --now libvirt-guests`. Sekunde 300 zinatosha seva nyingi za wavuti. Mgeni mwenye hifadhidata kubwa anaweza kuhitaji zaidi, na ukimpunguzia muda atakatwa katikati ya kuandika.

"Permission denied" kwenye faili la diski. Ikiwa ulihamisha faili kwenda saraka mpya, mambo mawili. Kwanza, mtumiaji wa QEMU (`libvirt-qemu` kwa Debian, `qemu` kwa RHEL) lazima aweze kupita kwenye kila saraka ya njia nzima, na `/root` au `/home/fulani` kwa kawaida hazipitiki. `namei -l /srv/vm/web01.qcow2` inaonyesha kizuizi kiko wapi. Pili, kwenye RHEL, SELinux (mfumo wa ulinzi unaodhibiti ruhusa kwa lebo) inataka lebo:

```
semanage fcontext -a -t virt_image_t '/srv/vm(/.*)?'
restorecon -Rv /srv/vm
```

Usizime SELinux ili "kujaribu tu". Majaribio ya aina hiyo huwa hayarudishwi.

## `virsh shutdown` imekubaliwa, lakini mgeni yuko palepale

Amri hiyo haizimi kitu. Inabonyeza kitufe cha umeme cha kuigiza, na mgeni anaamua mwenyewe. Aliyekwama kwenye menyu ya GRUB (programu inayowasha mfumo) au aliyeanguka kwa `kernel panic` hasikii. Mwenye eneokazi la picha anaweza kuwa anamuuliza mtu ambaye hayupo kama kweli azime. Mwenye systemd anaweza kuwa anasubiri huduma iliyogoma. Ukomo wake wa kawaida ni sekunde 90 kwa kila huduma, na `virsh console web01` itakuonyesha `A stop job is running`.

Weka wakala ndani ya kila mgeni, kifurushi `qemu-guest-agent`, na hakikisha XML ina chaneli ya `org.qemu.guest_agent.0`. Hapo `virsh shutdown web01 --mode agent` inapita njia ya uhakika zaidi. Jaribu mawasiliano kwa `virsh domtime web01`: ikirudisha saa, wakala yuko hai.

`virsh destroy` haifuti mgeni licha ya jina lake la kutisha. Inakata umeme. Anayeondoa usajili wa mgeni ni `undefine`. Ukilazimika kukata, tumia `virsh destroy web01 --graceful`, ambayo inakataa kuuua mchakato kwa nguvu iwapo bado haujamaliza. Kwa mgeni wa Windows aliye katikati ya masasisho yake, subira ndiyo dawa pekee, hata ikichukua saa nzima.

## Mgeni amesimama katikati ya kazi

Mgeni hajibu, na `virsh list` inasema `paused`. Uliza sababu:

```
virsh domstate web01 --reason
```

`paused (I/O error)` karibu kila mara ni diski ya mwenyeji iliyojaa. Faili la diski la aina ya qcow2 lenye ukubwa wa GB 40 huanza likiwa dogo na kukua kadiri mgeni anavyoandika. Ukisasisha wageni kumi usiku mmoja, kila mmoja akipakua na kufungua vifurushi, jumla yake inaangukia diski moja. Usimkate umeme. QEMU imeyashikilia maandishi yaliyokataliwa na itayarudia nafasi ikipatikana. Toa nafasi, kisha `virsh resume web01`, na mara nyingi mgeni hatajua hata kilichotokea, isipokuwa saa yake itakuwa nyuma.

Nafasi itoke wapi? Angalia mafaili ya ISO, mafaili ya RAM yaliyosahaulika kwenye `/var/lib/libvirt/qemu/save`, na hasa snapshoti (picha za hali ya diski) za kale. `virsh domblklist web01` ikionyesha njia kama `web01.kabla-ya-sasisho` badala ya `web01.qcow2`, mgeni amekuwa akiandika kwenye snapshoti ambayo hakuna aliyeikunja, yaani kuiunganisha tena na faili la msingi. Ikunje akiwa hai:

```
virsh blockcommit web01 vda --active --pivot --verbose
```

Tahadhari: amri hiyo inahamishia data kwenye faili la msingi, ambalo nalo linaweza kukua wakati wa kazi. Usiianzishe diski ikiwa na MB 200 tu. Toa kwanza nafasi kwa njia nyingine. Ikimaliza, `virsh domblklist` irudie jina la msingi, ndipo ufute faili la snapshoti kwa mkono. Kulifuta kabla ya hapo ni kupoteza kila kilichoandikwa tangu siku snapshoti ilipochukuliwa.

Ili mafaili ya qcow2 yapungue mgeni anapofuta vitu vyake, mstari wa diski uwe na `discard='unmap'`:

```
<driver name='qemu' type='qcow2' discard='unmap'/>
```

kisha washa `fstrim.timer` ndani ya mgeni. Kwa diski za virtio-blk hili linahitaji QEMU 4.0 na keneli 5.0 ndani ya mgeni au zaidi. Wa zamani zaidi watumie virtio-scsi. Kama diski zako ziko kwenye LVM nyembamba, kinachojaa hakionekani kwa `df`, bali ni bwawa (thin pool) la nafasi zinazogawiwa: tazama safu za `Data%` na `Meta%` kwenye `lvs`. Metadata ikifika 100, urejeshaji wake ni mgumu kuliko wa data.

Mgeni akiwa `shut off (crashed)` ghafla, na logi ya QEMU inaishia bila neno, tazama `dmesg -T | grep -i 'killed process'` kwenye mwenyeji. Keneli imeishiwa RAM na imechagua mchakato mkubwa kuliko yote, ambao ni mgeni wako mkubwa. Jumla ya RAM za wageni haipaswi kulingana na RAM ya mashine: kila mchakato wa QEMU una matumizi yake juu ya RAM ya mgeni, na mwenyeji naye anahitaji ya kwake.

## Masasisho yanakataa ndani ya mgeni

`No space left on device` wakati `/` ina nafasi tele: tazama `/boot`. Patisheni ya MB 500 inajazwa na keneli tatu nne. Debian na Ubuntu: `apt autoremove --purge`. Fedora na RHEL huhifadhi keneli tatu kwa kawaida, kwa `installonly_limit=3` kwenye `/etc/dnf/dnf.conf`, ipunguze hadi 2 kama patisheni ni finyu. Usifute mafaili ya `/boot` kwa `rm`, kwa sababu dpkg na rpm zitaendelea kuamini yapo.

`Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend`: masasisho ya kujiendesha yanafanya kazi. `systemctl status apt-daily-upgrade.service` itathibitisha. Subiri. Kufuta faili la kufuli ni ushauri mbaya unaozunguka kila mahali: kufuli si kuwepo kwa faili bali ni mchakato kulishikilia, na ukilifuta unaruhusu apt mbili ziandike hifadhidata moja. Kama mgeni alikatwa katikati, `dpkg --configure -a` kisha `apt -f install`.

`Release file ... is not valid yet`, au vyeti vya TLS vinavyodaiwa kuwa havijaanza kutumika: saa ya mgeni imebaki nyuma, mara nyingi baada ya `resume` au kurejeshwa kutoka kwenye faili la RAM. Kutoka kwa mwenyeji, `virsh domtime web01 --sync`. Kutoka ndani, `chronyc makestep`. Suluhisho la kudumu ni chrony kufuata saa ya mwenyeji moja kwa moja: pakia moduli `ptp_kvm` ndani ya mgeni na uongeze `refclock PHC /dev/ptp0 poll 2` kwenye faili la mipangilio la chrony.

Umeongeza diski, mgeni haoni. Hatua ni tatu na kila moja ina tabaka lake. Kwa mwenyeji `virsh blockresize web01 vda 60G`. Ndani ya mgeni `growpart /dev/vda 1` (kuna nafasi kati ya `vda` na `1`). Kisha `resize2fs /dev/vda1` kwa ext4, au `xfs_growfs /` kwa XFS. Kwenye LVM, baada ya `growpart` ni `pvresize`, halafu `lvextend -r -l +100%FREE` pamoja na njia ya juzuu husika.

## Mgeni amesasishwa, sasa hawaki

Unahitaji kuona skrini yake. `virsh console web01` inaonyesha kitu ikiwa tu mgeni ameambiwa atumie mlango wa siri­ali (serial), na hili huandaliwa kabla ya ajali. Kwenye `/etc/default/grub`:

```
GRUB_CMDLINE_LINUX="console=tty0 console=ttyS0,115200n8"
GRUB_TERMINAL="console serial"
```

ikifuatiwa na `update-grub`, au `grub2-mkconfig -o /boot/grub2/grub.cfg`. Kutoka kwenye konsoli bonyeza Ctrl na `]`.

`Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`: initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa mwanzoni mwa mwasho) ya keneli mpya haipo au haikukamilika, mara nyingi kwa sababu `/boot` ilijaa katikati ya sasisho. Chagua keneli ya zamani kwenye GRUB, toa nafasi, kisha `update-initramfs -u -k all`, au `dracut -f --kver` pamoja na toleo la keneli mpya.

Ganda la dharura la dracut (chombo kinachojenga initramfs) linalosema diski haionekani, baada ya kubadilisha diski kutoka `sata` kwenda `virtio`: initramfs ilijengwa kwa maunzi yaliyokuwepo tu. Rudisha `sata`, washa, endesha `dracut -f --add-drivers "virtio_pci virtio_blk virtio_scsi"`, zima, ndipo ubadilishe. Kagua pia `/etc/fstab`: mistari yenye `/dev/sda2` haitakuwa na maana diski ikiitwa `vda`. Tumia UUID.

Mgeni asiyefikika hata GRUB anatengenezwa akiwa amezimwa: `virt-rescue -d web01 -i` inakufungulia diski zake chini ya `/sysroot`. Kamwe usiifanye akiwa amewaka. Ujumbe `Failed to get "write" lock` ni kinga dhidi ya hilo hasa, na ukiuona usitafute namna ya kuuzunguka. Mtafute anayelitumia faili.

Njia ya kurudi nyuma iandaliwe kabla ya sasisho. Kwa diski ya qcow2:

```
virsh snapshot-create-as web01 kabla --disk-only --atomic --quiesce --no-metadata
```

`--quiesce` inamtaka wakala agandishe mifumo ya mafaili kwanza. Bila wakala amri inakataa, na ni bora ikatae. Sasisho likienda vizuri, kunja kwa `blockcommit` kama hapo juu, ndani ya siku moja au mbili. Likiharibika: zima mgeni, `virsh edit` na urudishe njia ya `web01.qcow2` (ondoa `<backingStore>` kama ipo; kama msingi ulikuwa `raw`, rudisha na `type='raw'`), washa, ndipo ufute `web01.kabla`. Snapshoti si chelezo. Iko kwenye diski ileile na inategemea faili lilelile.

## Mtandao umepotea

Fuata pakiti kutoka ndani kwenda nje. `virsh domiflist web01` inakupa jina la kiolesura, tuseme `vnet3`. Kisha, ukiwa unapiga `ping` kutoka kwa mgeni, `tcpdump -ni vnet3` na `tcpdump -ni br0` (`br0` ni daraja la mwenyeji linalowaunganisha wageni na mtandao). Pakiti zinapokomea ndipo penye kosa.

Haziko hata `vnet3`: kosa liko ndani ya mgeni. `ip -br link` itaonyesha kadi inaitwa `enp1s0` wakati mipangilio ya netplan au `/etc/network/interfaces` inataja `ens3`. Ndiyo matokeo ya kubadilisha aina ya mashine au ya kumsajili upya mgeni bila XML yake ya awali. Kwenye netplan, funga mipangilio kwa `match` na `macaddress` badala ya jina.

Ziko `vnet3`, hazifiki `br0`: mtu amewasha upya huduma ya mtandao ya mwenyeji, daraja limebomolewa na kujengwa tena, na violesura vya wageni vimeachwa nje. `bridge link` haitaitaja `vnet3`. Irudishe bila kumgusa mgeni:

```
ip link set vnet3 master br0
ip link set vnet3 up
```

Ziko `br0`, haziendi mbele, na Docker imewekwa au kusasishwa hivi karibuni: Docker huweka sera ya FORWARD kuwa DROP, na `net.bridge.bridge-nf-call-iptables` ikiwa 1, hata pakiti za daraja hupitishwa kwenye iptables. Ruhusu kwa `iptables -I DOCKER-USER -i br0 -o br0 -j ACCEPT` na uihifadhi iweze kurudi baada ya mwasho.

Wageni wa NAT (walio kwenye mtandao wa `default` wa libvirt) wote wamekatika kwa mpigo baada ya kupakia upya nftables: `/etc/nftables.conf` ya Debian huanza na `flush ruleset`, na mstari huo umefuta pia sheria za libvirt. Anzisha upya `libvirtd` (au `virtnetworkd`) nazo zitarudi. Epuka `virsh net-destroy default` kwa tatizo hili, kwa kuwa inaweza kuwaacha wageni walio hewani bila daraja, na utarudi kwenye `ip link set` kwa kila mmoja.

Wageni wawili wanapokezana anwani moja ya IP ingawa MAC zao ni tofauti: mmoja ni nakala ya mwingine. `virt-clone` inatoa MAC mpya lakini haigusi `/etc/machine-id`, na systemd-networkd inajitambulisha kwa DHCP kwa kutumia namba hiyo. Kwenye nakala, `truncate -s 0 /etc/machine-id` kisha iwashe upya. Kama `/var/lib/dbus/machine-id` ni faili halisi na si kiungo, lifute kwanza. Kwa nakala zijazo, endesha `virt-sysprep -d` na jina la mgeni akiwa amezimwa. Inafuta pia funguo za SSH za mashine, ambazo nazo hazipaswi kufanana kwa wageni wawili, hivyo hakikisha zitatengenezwa upya wakati wa kuwaka: kwa Debian bila cloud-init, utaendesha `dpkg-reconfigure openssh-server` kupitia konsoli kabla SSH haijakubali.